Kupanda Udzungwa kutoka Bonde la Kilombero

Milima ya Udzungwa haina vilima vya kuitangulia. Upande wa mashariki ukuta wake wa msitu unasimama moja kwa moja juu ya bonde la Kilombero, hivi kwamba mkulima aliyeinama kwenye jaruba la mpunga, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, akijinyoosha tu anaona vilele vinavyopita mita 2,000. Kati ya ukuta huo na tambarare umebaki ukanda mwembamba ambamo barabara, reli ya TAZARA, mashamba ya miwa na vijiji vimebanana hadi Ifakara. Kwa anayekuja kupanda milima, ukanda huo ndio mlango, na mji wa kushukia ni Mang'ula.

Udzungwa ni kipande kikubwa kuliko vyote katika Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru kabla ya kufika huku kusini. Si volkano kama Kilimanjaro au Rungwe. Ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa kwa kukatika kwa ardhi, na kwa mamilioni ya miaka imekuwa ikikinga upepo wa mvua utokao Bahari ya Hindi. Nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikasinyaa, huku juu mvua iliendelea kunyesha na miti ikabaki. Ndiyo maana milima hii ina viumbe wengi wasioonekana popote pengine duniani. Ndiyo maana pia anayekuja na mazoea ya Kilimanjaro, ya kuhesabu siku hadi kileleni na kupiga picha penye kibao, atakuwa amekosea mlima. Kilele kirefu kuliko vyote, Luhombero, kina mita 2,576 lakini kiko ndani kabisa, mbali na njia za kawaida, na wageni wengi huondoka bila kukitia machoni. Sifa ya Udzungwa ni msitu usiokatika kuanzia bondeni hadi kwenye ukungu. Hali hiyo imebaki mahali pachache sana Afrika Mashariki, kwa kuwa kwingine misitu ya chini ililimwa zamani.

Atokaye Dar es Salaam hufuata barabara ya Morogoro, hukatiza Hifadhi ya Mikumi, na kwenye mji mdogo wa Mikumi huiacha barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia akakata kushoto. Kutoka hapo hadi Mang'ula ni kilomita 60 na ushei. Katikati iko Kidatu, na Kidatu si mahali pa kupita kwa kasi. Mto Ruaha Mkuu unatokea hapo kutoka kwenye korongo la milima, na kabla ya kutoka umeshafanyishwa kazi: kituo cha umeme cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kilianza kuzalisha mwaka 1975. Ng'ambo hii na ile ya mto vimesimama viwanda vya sukari vya Kilombero, vilivyoanzia miaka ya 1960 na kuuzwa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini mwaka 1998. Msimu wa kuvuna, moshi wa miwa inayochomwa huonekana kutoka mbali, majivu meusi hudondoka juu ya nguo zilizoanikwa, na matrekta yanayokokota tela za miwa huwalazimisha wenye mabasi kujifunza subira. Sehemu ya miwa hiyo ni ya wakulima wadogo wenye mashamba yao kuizunguka kampuni, na bei ya muwa ndiyo habari ya kwanza katika kila kibanda cha kahawa.

Lami ilichelewa sana kufika ukanda huu. Kwa miaka mingi safari ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 67 hivi, ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya kusukuma gari masika, na watu wengi walitegemea reli. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mang'ula ilikuwa moja ya kambi kubwa za ujenzi huo; Wachina waliweka karakana hapo, na mji uliobaki baada yao ulikua kuizunguka stesheni. Treni fupi ya wenyeji, iliyokuwa ikisimama kila kituo na kubeba magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi na kuku, wenyewe waliiita kipisi. Kusafiri kwa treni katika kipande hiki bado kuna faida moja isiyopatikana ndani ya basi: reli imepita chini kabisa ya mlima, na dirisha la upande mmoja linaonyesha msitu wakati la upande wa pili linaonyesha mpunga. Ratiba hubadilika, kwa hiyo huulizwa stesheni, si kwa jirani.

Mang'ula yenyewe haijajipamba kwa ajili ya watalii, na hilo ni jema. Kuna gesti za bei nafuu, bodaboda, mama lishe wenye wali wa Kilombero na perege wa kukaanga, na jioni kuna kelele za kawaida za mji wa reli. Makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yako hapa, mwendo mfupi kutoka barabarani. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ilifunguliwa na Mwana Mfalme Bernhard wa Uholanzi, rais wa kwanza wa shirika la WWF. Maporomoko madogo yaliyo karibu na lango yamepewa jina lake. Hakuna gari la kutalii upande huu. Mtu huingia kwa miguu, na lazima awe na kiongozi; kwa njia ndefu huongezwa askari mwenye bunduki, kwa sababu ndani kuna tembo na nyati. Ada hulipwa kwa namba ya malipo na si kwa fedha mkononi, na Mtanzania hulipa sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni wa nje. Hata hivyo Watanzania wanaopanda ni wachache. Wengi wa waliozaliwa mbele ya mlima huu wameuona maisha yao yote kutoka chini.

Njia za siku moja ni kadhaa. Ile ya Bernhard ni ya kilomita moja tu, ya kunyoosha miguu. Ya Sonjo hufika kwenye maporomoko mawili kwa mwendo wa saa chache. Lakini inayostahili kutengewa siku ni Sanje.

Kituo cha kuanzia Sanje kiko kilomita tisa au kumi kaskazini mwa Mang'ula, na njia yake haibembelezi mtu: hatua za kwanza tayari ni ngazi za mizizi na mawe. Kwa nusu saa nzima hakuna mandhari yoyote. Kuna joto, unyevu, jasho linaloingia machoni, na shina la mti lililo mbele ya pua. Miti mikubwa imesimama juu ya mizizi bapa iliyonyanyuka kama kuta za chumba, na mtu mzima akiingia katikati ya mizizi miwili haonekani tena. Chini kumetandikwa majani yaliyooza, laini na yenye kuteleza, hasa asubuhi baada ya mvua. Kiongozi, aliyevaa mabuti ya mpira ya bei ya chini kuliko soksi za wageni wake, husimama kila baada ya muda. Hasimami kwa sababu amechoka. Husimama kwa sababu wageni wamechoka na adabu inamzuia kusema hivyo. Hugusa gome la mti akaeleza linatibu nini, huonyesha mahali nguruwe-mwitu walipofukua usiku, humgeukia mkubwa wa kundi na kumwambia, "Pole mzee, tunakaribia," na kufikia hapo kila mtu amepata pumzi.

Kisha sauti ya maji hutangulia. Mto Sanje unashuka kwa mikupuo mitatu, jumla ya mita 170, na mkupuo mmoja tu una mita 70 hivi. Njia hufika kwanza pembeni ya maporomoko, ambapo hewa hupoa ghafla na nguo hulowa bila mtu kugusa maji. Chini ya mkupuo mmoja kuna kidimbwi cha kuogelea. Maji yake ni baridi kuliko joto la njiani linavyomfanya mtu ategemee, na wengi hutoka haraka kuliko walivyoingia. Juu zaidi msitu unafunguka. Hapo bonde lote huonekana kwa mara moja: miraba ya miwa iliyopangwa kwa rula, mstari wa reli, mabati ya nyumba yanayong'aa, na baada ya hapo mbuga inayopotelea upande wa Hifadhi ya Nyerere. Anayesimama hapo haoni mpaka kati ya mlima na shamba. Mto uliomlowesha ndio unaovuka barabara kule chini na kuingia mashambani.

Mwendo wa mzunguko wa Sanje huchukua saa nne kwa asiye na haraka. Katika saa hizo nyani na kima hawakosekani. Mbega mweupe ni wa kawaida. Mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye utosi wa rangi ya kutu, hupatikana katika milima hii na misitu michache ya jirani, basi. Ila mwenye historia ya kusisimua zaidi ni kima aliyepewa jina la kijiji chenyewe, anayejulikana kitaalamu kama mangabe wa Sanje. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers, wakiwa katika msitu wa Mwanihana, walisikia mlio ambao haukutarajiwa kusikika katika milima hii. Wenyeji waliokuwa nao hawakushangaa hata kidogo, kwa sababu mnyama huyo walikuwa wanamfahamu na wana jina lake. Siku hizi karibu na Mang'ula kuna kundi lililozoeshwa watu, na mgeni anaweza kulifuata msituni likila matunda na kupekua majani chini. Kulifuata si starehe: kundi halifuati njia.

Orodha ya viumbe waliotambuliwa kisayansi humu katika miaka ya karibuni ni ndefu kiasi cha kutia shaka, na baadhi waliingia vitabuni kwa njia za kuchekesha. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege ndani ya chungu cha mboga kambini kwao na wakatambua kwamba si ya ndege yeyote wanayemjua. Ndivyo kwale wa msitu wa Udzungwa alivyojulikana, jamaa ambaye ukoo wake wa karibu uko Asia. Mwaka 2004 kipunji, nyani wa milimani aliyekuwa ameonekana mwaka mmoja kabla katika misitu ya Rungwe, alikutwa pia katika msitu wa Ndundulu ndani ya Udzungwa. Mwaka 2005 kamera iliyofungwa mtini ilipiga picha ya sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote, na mwaka 2008 alipewa jina la kisayansi. Katika msitu wa Magombera, ulio tambarare chini ya milima, mtafiti Andrew Marshall alimshtua nyoka aliyekuwa akimmeza kinyonga; nyoka akamtema na kukimbia, na kinyonga yule akawa spishi mpya, iliyotangazwa mwaka 2009. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya mti: Tessmannia princeps, mrefu hadi mita 40, ambao watafiti wanakadiria kwamba baadhi yake imeishi miaka 2,000 au zaidi. Mti wa ukubwa huo umesimama kando ya mashamba ya watu muda wote huo. Kwa kazi ya namna hii hifadhi na jumba la makumbusho ya sayansi la Trento, Italia, walifungua kituo cha utafiti hapo Mang'ula mwaka 2006.

Anayetaka kuona msitu ukibadilika tabaka kwa tabaka atahitaji siku tatu na njia ya Mwanihana, kilomita 38 kwenda na kurudi, hadi kilele cha zaidi ya mita 2,100. Siku ya kwanza ni ya msitu wa chini na vijito vya kuvuka. Ya pili, miti inafupika, mashina yanavaa kuvumwani, ukungu unaingia na kutoka, na mianzi inaanza. Juu kabisa kuna nyasi na upepo. Kinyesi cha tembo hukutwa kwenye miteremko ambayo binadamu anaipanda kwa mikono na miguu. Namna mnyama wa tani kadhaa anavyofika huko ni jambo ambalo hata viongozi huliongelea kwa kustaajabu. Usiku kuna baridi ya kweli, na mtu aliyeondoka Mang'ula akijipepea atatafuta sweta. Mizigo mizito hubebwa na wapagazi wa vijijini, ambao ujira wao ni moja ya njia chache za hifadhi kuweka fedha moja kwa moja katika mfuko wa mwanakijiji. Njia ya Lumemo, kilomita 65 kwa siku tano, ni ya wachache wenye magoti mazuri.

Wakati mzuri wa kupanda ni Juni hadi Oktoba. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa matope na bonde kuwa ziwa. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi ni muhimu kuliko buti la gharama, kwa ajili ya siafu. Mtu akikanyaga msafara wa siafu hatakumbuka tena habari za mandhari.

Uhusiano wa vijiji na hifadhi haujawa mwepesi. Wanawake wa vijiji vya chini ya mlima walizoea kuingia mara moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka, ruhusa iliyotolewa tangu hifadhi ilipoanzishwa. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa. Sababu ilikuwa na uzito: wengine waliingia na panga na kutoka na miti mibichi, na kwa kisingizio cha kuni palitegwa mitego ya wanyama. Lakini chungu hakipikiki kwa sababu, na mzigo wa kuutafuta moto ulibaki kichwani mwa wale wale. Waliojaliwa walipanda miti yao pembeni ya shamba, wengine wakawa wananunua mkaa, wengine wakajaribu majiko ya kutumia pumba za mpunga, kitu kisichokosekana hapa. Pumba zinazorundikwa nyuma ya kila mashine ya kukoboa ndizo zinazochoma matofali ya nyumba za wilaya nzima. Upande wa pili tembo nao wana madai yao. Zamani walishuka kutoka Udzungwa wakakatiza bonde hadi eneo lililokuwa la Selous, ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere, na njia hiyo ilizibwa na miwa, mpunga na nyumba. Karibu na Mang'ula kumejengwa kivuko cha tembo chini ya barabara mpya, sehemu ya kazi ya kuufungua upya ushoroba huo. Wanakijiji waliokubali kutoa ardhi yao kwa ajili hiyo wanastahili sifa nyingi kuliko wanazopewa.

Kutoka Mang'ula hadi Ifakara ukuta wa mlima unabaki upande wa kulia na polepole unasogea mbali. Ifakara ni mji wa tambarare, wa joto na baiskeli. Baiskeli ndiyo gari la mizigo, teksi na ambulansi ya dharura, na asubuhi ya siku ya soko magunia ya mchele hupita barabarani yakiwa yamemficha anayeyasukuma. Mchele ndio sababu ya mji kuwepo katika akili za Watanzania wengi. Mpunga wa aina ya Supa kutoka bonde hili unaulizwa kwa jina masokoni Dar es Salaam, na kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapa, zamani kikiitwa KATRIN, ndicho kilichotoa mbegu ya SARO 5 iliyosambaa nchi nzima. Wakati wa kulima familia nyingi huhamia shambani, mbali na mji, na kuishi kwenye vibanda au madungu hadi mavuno, wakiamia ndege mchana na kuwahofia kiboko na nguruwe usiku.

Mbu nao wana historia yao hapa. Mtaalamu wa Uswisi Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, ambako Wakapuchini wa nchi yake walikuwa wanaendesha misheni na hospitali, na mwaka 1957 maabara ndogo ilianzishwa. Maabara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, moja ya vituo vya utafiti wa malaria vinavyoheshimika zaidi barani Afrika. Utafiti uliofanywa katika bonde hili miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vinapunguza vifo vya watoto hata vinaposambazwa kwa kuuzwa kupitia maduka ya kawaida ya vijijini. Mgeni anayepuuza chandarua cha gesti yake Ifakara anapuuza ushahidi uliokusanywa mtaa wa jirani.

Kusini mwa mji ni Kivukoni, kwenye mto Kilombero. Mto huu unakusanya karibu kila kijito kinachoshuka Udzungwa upande huu, pamoja na mito ya Mpanga, Mnyera na Ruhudji itokayo mbali zaidi, kisha unakutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na kwa hiyo ya bwawa la umeme la Julius Nyerere, hutoka hapa. Mwaka 2002 bonde liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, kilomita za mraba 7,967. Hadi miaka michache iliyopita magari na watu walivuka kwa pantoni, kwa foleni na kwa hofu msimu wa mafuriko. Daraja lenye urefu wa mita 384, linaloitwa la Magufuli, lilifunguliwa mwaka 2018. Wapenzi wa ndege bado wanashuka Kivukoni badala ya kupita juu, wakimtafuta kwenye mafunjo mnana wa Kilombero, ndege wa manjano aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1990 na ambaye makazi yake ni bonde hili. Wavuvi wa Kindamba katika mitumbwi yao ya gogo huwaelekeza bila kuelewa sana wanachohangaikia. Sheshe, swala wa mbuga hii ambaye zamani idadi yake kubwa kuliko zote duniani ilikuwa hapa, haonekani tena kirahisi; mifugo na mashamba vimeijaza mbuga, na operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa ng'ombe ilituliza hali kwa muda tu.

Kabla ya kuvuka mto, msafiri mwenye siku za ziada huweza kufuata reli kusini-magharibi kuelekea Chita na Mlimba, ambako mlima unarudi karibu. Huko ndiko liliko korongo la Kihansi, na korongo hilo linaonyesha bei ya maji ya Udzungwa. Mwaka 1996, ujenzi wa kituo cha umeme ukiwa umeshaanza, palionekana chura mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na ambaye dunia yake yote ilikuwa eneo dogo linaloloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Kituo chenye megawati 180 kilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakauka. Mabomba ya kunyunyiza yaliwekwa, lakini chura alipungua haraka, na ugonjwa wa kuvu ukammaliza. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wale waliopelekwa mapema kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani, na kuanzia mwaka 2012 vizazi vyao vimekuwa vikirudishwa korongoni. Katika siasa za Tanzania chura huyu amekuwa kichekesho cha mabilioni yaliyotumika kumwokoa. Kichekesho hicho kinasahau kwamba gharama ilitokana na kuchelewa kupima mto kabla ya kuukata.

Ng'ambo ya daraja barabara inapita mashamba ya mitiki na kuanza kupanda, na baada ya kilomita 70 hivi kutoka Ifakara inafika Mahenge. Huu ndio mji wa mlimani hasa katika sehemu hizi: Mang'ula iko miguuni pa mlima, Mahenge iko juu yake, karibu mita 1,000, juu ya milima yake yenyewe ambayo nayo ni kipande cha Tao la Mashariki. Hewa hubadilika kwenye kona za mwisho. Wajerumani waliliona hilo na kujenga boma lao hapa badala ya kule chini kwenye homa. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji, Wapogoro wakiwa wengi kati yao, walilishambulia boma hilo mchana kweupe wakiamini dawa itageuza risasi kuwa maji, na bunduki za rashasha zikawaua kwa mamia. Miaka 12 baadaye, Oktoba 1917, Wabelgiji walioingia kutoka Kongo waliuteka mji kutoka kwa Wajerumani hao hao. Kwiro, jirani, ni misheni ya zamani yenye shule iliyosomesha watu wengi wa kusini.

Mahenge haina njia zilizopimwa wala ada ya lango. Kinachotumika ni njia za wakulima zinazounganisha mabonde ya migomba na vilele vyenye mawe, pamoja na njia za wachimbaji, maana eneo la Ipanko lina spineli nyekundu iliyofanya jina la Mahenge lijulikane kwa wauza vito wa Bangkok, hasa baada ya fuwele kubwa zilizopatikana mwaka 2007. Anayetaka kutembea hujitambulisha kwanza ofisi ya kijiji, hutafutiwa kijana wa kumwongoza, na hueleza wazi kwamba hajaja kununua mawe. Bila maelezo hayo kila mtu atadhani ndiyo kazi yake. Siku isiyo na ukungu, kutoka kwenye miinuko ya upande wa kaskazini, bonde lote linaonekana, na nyuma yake ukuta wa Udzungwa umekata upeo wa macho kutoka Kidatu hadi mahali jicho linapochoka. Mabasi ya kurudi Ifakara huondoka mapema asubuhi, na tiketi ni vizuri ikatwe jioni ya kuamkia safari.